Yowe la Ruthu

Bibi yangu Ruthu hakuwa mtu wa kunyamaza. Alibatizwa akiwa msichana, siku za Mjerumani, na mwalimu aliyembatiza alimsihi apunguze maneno. Ubatizo aliupokea, ushauri akauacha palepale.

Kanisa lao lilikuwa tembe la udongo lenye paa bapa, upande wa Miyuji, waumini hawafiki hamsini. Kwa miaka waliitana kwa ngoma. Kisha reli ikafika Dodoma, na Mzee Petro, aliyekuwa kibarua wa kubeba mataruma, akarudi na kipande cha reli. Akakitundika mlangoni, akasema sasa kanisa lina kengele, ngoma ipelekwe harusini. Mzee Bartolomayo, mwenye ngoma yake, akaapa kwamba chuma hakitamwita kwa Mungu. Basi wakagawanyika. Jumapili reli ililia, nusu wakaingia. Hao wakitoka, ngoma ikalia, wakaingia wengine. Watu wazima na ndevu zao! Hasira hunipanda hata leo nikisimulia.

Mwaka uliofuata mvua ikakataa. Kanisani kulikuwa na kihenge kilichojaa uwele wa sadaka, uliowekwa kwa ajili ya wenye shida. Hakikufunguliwa. Watu wa Petro walisema mpaka wazee wote wakae kikao. Watu wa Bartolomayo walisema hawakai kikao kilichoitwa kwa chuma.

Asubuhi moja Ruthu alimkuta mwanamke ameanguka kando ya ukuta wa kanisa. Aliitwa Mwanne, ametoka Kolo, mbali kaskazini, kwa miguu, na mgongoni alikuwa na mtoto mchanga. Mtoto halii. Hilo ndilo lililomtisha bibi. Alikuwa na mbuzi mmoja tu, akamkamua, akamdondoshea mtoto maziwa mdomoni. Yalikuwa machache mno. Akaenda kwa Petro kuomba uwele, akaambiwa asubiri kikao. Akaenda kwa Bartolomayo, akaambiwa asubiri mpaka kikao kiitwe kwa ngoma.

Sasa, kwa Wagogo wa siku hizo yowe la hatari lilikuwa na sheria yake. Likipigwa, kila mwanamume hubeba mkuki na kukimbilia huko, hata kama limepigwa na adui yake. Asiyekwenda hutozwa mbuzi. Anayelipiga bure naye hutozwa mbuzi. Ruthu alimtazama mbuzi wake, akapanda juu ya paa la kanisa, akapiga yowe.

Walikuja wote, wa reli na wa ngoma, wakihema, mikuki mikononi.

"Simba yuko wapi?" Petro aliuliza.

Ruthu alishuka, akamchukua mtoto kwa Mwanne, akamweka mikononi mwa Petro. "Msikilize, Mzee wangu. Halii tena. Kama hii si hatari, mbuzi wangu yule pale, mchukueni."

Petro alimwangalia mtoto, mwepesi kama kibuyu kitupu. Akampa Bartolomayo naye amshike, na hao wawili walikuwa hawajapeana hata mkono kwa miezi saba.

"Fungua kihenge, ndugu yangu," Bartolomayo alisema.

Wanawake wakashika michi, uji ukapikwa mlangoni mwa kanisa, Mwanne akanyweshwa, na mtoto akadondoshewa ule mwepesi. Mchana ule mtoto alilia, akalia kwa nguvu mpaka jirani wakacheka. Bibi alisema alikaa chini vumbini kwa furaha, akamshukuru Mungu.

Siku chache baadaye, Mwanne alipopata nguvu za kula nyama, wazee walikaa shauri la yowe. Petro alisema faini ipo, ila si ya Ruthu. "Alituita mara ya kwanza kwa upole, milangoni mwetu, na hatukwenda." Akatoa mbuzi. Bartolomayo akatoa wa pili.

Kabla kisu hakijashikwa, mtu akakumbuka kwamba Mwanne ni Mwislamu. Wakamwita Mbwana, mchuuzi wa chumvi, Mwislamu mwenzake, aje awachinje mbuzi wa kanisa ili mgeni naye ale. Kwa jambo hilo hakuna aliyetaka kikao.