Shikamoo Iliyosahaulika

Kwetu Mlola wameniita bubu tangu utotoni, na jina hilo sijalizoea.

Msimu uliopita baba mdogo aliingia shambani akifoka kwamba baba amemwibia zamu ya maji ya mfereji. Baba alikuwa na panga, na vidole vyake vilikuwa vimeubana mpini. Ndugu wakajaa kuamua ugomvi, kila mmoja akipiga kelele asikike yeye. Mimi nilimtazama baba usoni tu. Kilichomuuma hakikuwa maji.

Walipovuta pumzi nikasema, "Baba mdogo, hujamwamkia kaka yako."

Akamgeukia baba. "Shikamoo, kaka."

Baba akashusha panga. "Marahaba."

Shangazi, msemaji wa ukoo, akanigeukia. "Kumbe unaongea!"

"Huwa naongea, shangazi. Nasubiri tu mnyamaze."