Majivu na Ndimu

Juzi nilikuwa kibandani kwa fundi saa, Kilwa Kivinje, nangoja kubadilishiwa betri, akaingia mama mmoja wa makamo kutoka Njinjo. Alipoitikia shikamoo ya fundi, alifungua pindo la kanga akatoa saa ya mfukoni, ya fedha.

"Ya marehemu mume wangu, aliachiwa na babu yake. Nimetoka eda, watoto wanataka tugawane mirathi. Nataka kujua thamani yake."

Fundi akabana kioo chake jichoni, akaitia saa ufunguo. Ikatembea.

"Mashine nzima kabisa," alisema. Kisha akaigeuza, akaguna. "Nyuma hapa palichongwa jina. Limesuguliwa mpaka limekwisha! Wanunuzi wa vitu vya kale hutafuta saa zenye jina la mwenyewe wa kwanza. Nani kaiharibu hivi?"

Aliuliza kama polisi. Mama akanyoosha kidole juu, kama mwanafunzi.

"Mimi, mwanangu. Kila ikikaribia Idi nilikuwa naisugua kwa majivu na ndimu, aende nayo msikitini inang'aa. Tangu aliponioa."

Fundi alishusha kioo, akataja bei ndogo kwa sauti ndogo. Mama hakubisha. Alikuwa akipapasa mgongo wa saa kwa kidole gumba.

"Kumbe alikuwa anaona jina la babu yake linafutika," alisema. "Mbona hakuwahi kunikataza?"

Fundi ana kioo cha kukuzia kila kitu, lakini hapo aliinamia meza tu.

Nililipia betri nikaondoka. Saa yangu haina mkwaruzo hata mmoja. Hakuna aliyewahi kuisugua.