Mwanangu Analazwa na Magunia ya Kahawa

Admin, nifiche jina, maana mume wangu anafuata ukurasa huu na simu haimtoki mkononi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili. Wazazi wangu walitoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, mimi nimeolewa hapa Bwera, naishi na mume, mama mkwe na binti yetu wa miaka sita. Nitamwita Masika, kama wanavyoitwa mabinti wengi wazaliwa wa kwanza huku, hamtamjua. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe.

Mume wangu ananunua kahawa kwa wakulima wa milimani. Wezi wa kahawa mnawajua: ukiianika uani bila mlinzi, asubuhi unakuta turubai tupu. Kwa hiyo magunia yote yanaingia chumba cha Masika, mengine kahawa yake bado mbichi, haijakauka, na dirisha limepigwa misumari. Mtoto analala humo humo. Baba yake anasema mwizi akisikia mtu anakohoa ndani, anapita. Yaani kikohozi cha mwanangu ndicho mbwa wa nyumba hii!

Ukuta ulianza kuwa mweusi nyuma ya magunia, weusi ukapanda mpaka juu ya kitanda chake. Masika akaanza kukohoa, kifua kinapiga filimbi. Nesi wa kliniki alinieleza vizuri: mtoto atoke, kahawa mbichi itoke, dirisha lifunguliwe, ukuta uoshwe kwa maji ya sabuni nikiwa nimefunga pua na mdomo. Nisisugue ukuta ukiwa mkavu, vumbi lake litaruka, na nisichanganye jiki ya kufulia na dawa nyingine. Akaniambia nikiosha bila kuondoa unyevu, ukungu utarudi.

Nikarudi nyumbani nikasema yote. Mume wangu akafanya nini? Alileta rangi akapaka juu ya ukungu! Mama mkwe akamsifu: "Ona, sasa iko safi. Mama Masika, hata sisi tulilala na kahawa, tulikufa?"

Nikamjibu, "Mama, nyinyi mulikuwa munaanika inje, munaingiza ikiwa imekauka." Akaninunia. Rangi ilibanduka kabla mvua hazijaisha.

Nimemhamishia mtoto sebuleni mara nyingi, baba yake anamrudisha. "Hii kahawa ndiyo inalisha wewe," ananiambia.

Wiki iliyopita alikuja mnunuzi mkubwa kutoka Kasese mjini. Akaingiza mkono kwenye gunia, akanusa, akasema, "Mzee, hii imeshika ukungu. Hiyo chumba ni mbaya, toa kahawa haraka."

Ndugu zangu, mume niliyembembeleza miezi na miezi alibeba magunia siku hiyo hiyo! Akayapanga sebuleni juu ya mbao, madirisha wazi, yapate hewa. Nikafurahi kama mjinga. Jioni nikamuuliza mume wangu, Masika atalala wapi, maana sebule imejaa. Akanijibu macho yakiwa kwenye simu: "Si chumba yake sasa iko wazi?"

Kwa sasa nalala na mtoto kitandani kwetu, na baba yake amenipa mpaka Jumapili nimrudishe. Nataka kumpeleka kwa dada yangu Kasese, lakini mama mkwe ameapa mtoto ni wa ukoo wao, nikitoka nitoke peke yangu.

Kahawa ilinuswa mara moja tu ikaonewa huruma. Mwanangu hakuanza kukohoa jana. Nyinyi mliolea watoto, nishaurini: Jumapili ikifika, nifanye nini?