Mama Alipopakiwa Kwenye Lori

Mama alizaliwa Dundori, kwenye shamba lile lile la mzungu ambako nilizaliwa mimi. Alikuwa Mkikuyu. Baba alikuwa Mluhya aliyekuja kutoka Kakamega akiwa kijana, akapata kazi ya kukama ng'ombe. Sisi watoto tuliongea Kikikuyu na mama, Kiluhya kidogo na baba, na Kiswahili tukiwa sote jikoni. Mpaka serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari kwa sababu ya uasi wa Wakikuyu, sikuwahi kusikia mtu akiuliza nyumba yetu ni ya kabila gani.

Kabla ya kuanza kuchuma maua ya pareto shambani, mama alikuwa yaya wa binti wa memsahib, mke wa yule mzungu. Mtoto huyo alikuwa wa rika langu, na alijua Kikikuyu kabla ya Kiingereza. Alipofika umri wa kusoma alipelekwa shule ya bweni ya wazungu. Mimi nilienda shule ya shamba, chumba kimoja cha udongo chenye mwalimu mmoja, na nikaipenda mno. Wasichana wengine walitolewa shule wakachume pareto. Mama alikataa. Hata maji ya jioni alichota mwenyewe ili nipate kusoma kabla giza halijaingia.

Asubuhi moja yenye ukungu nyapara alituita sote uwanjani. Maaskari walikuwa wamekuja na lori. Wakikuyu waliambiwa wasimame upande mmoja na kila mtu achukue anachoweza kubeba, wanarudishwa kwao. Mama akamwendea memsahib aliyekuwa amesimama barazani.

"Memsahib, mtoto wako nimemlea mimi. Tafadhali niombee."

Memsahib hakumtazama usoni. "Mimi hapana weza," alisema kwa Kiswahili chake. "Hii shauri ya serikali."

Baba alivua kofia akamsogelea askari. "Huyu ni mke wangu. Tulifunga ndoa kanisani."

"Wewe unabaki, mzee. Watoto ni wako, wanabaki pia. Huyu mama anaenda kwao."

"Kwao ni hapa," baba akasema. "Hajui kwingine."

Askari alikuwa ameshageukia mtu mwingine.

Mdogo wetu wa mwisho, msichana, alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo mama aliruhusiwa kwenda naye. Alipanda lori amemfunga mgongoni. Ndugu yangu mdogo alidhani wanaenda sokoni Nakuru, akalia apelekwe naye. Mama aliniita kutoka juu ya lori, "Mwangalie huyo. Na usiache shule." Lori likateremka kuelekea stesheni ya reli.

Shule niliiacha kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Baba alikuwa akienda kukama alfajiri, na nyumba haikuwa na mwanamke mwingine. Mwalimu alikuja kumsihi.

"Huyu msichana ana akili kuliko wavulana wote nilio nao," alisema.

"Najua," baba akajibu. "Lakini nani atapika? Nani atafua? Huyu mvulana nikimtoa shule atanifaa nini jikoni?"

Hakusema kwa ukali. Alikuwa mtu aliyechoka, na katika maisha yake hakuwahi kuona mwanaume akisonga ugali. Nilifunga leso kiunoni nikawa mama wa nyumba. Ndugu yangu alisoma, na jioni nilimsikiliza akisoma kwa sauti mambo ambayo mimi nilikuwa nimeshayapita.

Mama alirudi baada ya miaka kadhaa, Wakikuyu walipoanza kuruhusiwa kurudi kazini Bonde la Ufa. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, amekonda, hana mtoto mgongoni wala mkononi. Mdogo wetu alikuwa amekufa kwa kuhara katika kijiji ambamo serikali iliwafungia, kilichozungushiwa handaki. Alinieleza hilo kwa sentensi moja na hakulirudia tena. Ndugu yangu alimpa mkono kama mgeni. Kisha mama akaona mwanamke aliyesimama mlangoni na mtoto mchanga. Baba alikuwa ameoa mke mwingine kutoka kwao Kakamega.

Yule mwanamke alimkaribisha chai. Mama alikunywa, akashukuru, akaniuliza nimefika darasa la ngapi. Nikainama. Aliweka kikombe chini akashika mikono yangu, akapapasa viganja vilivyokomaa kwa kazi, na ndipo alipolia.

Hakulala pale. Alipata chumba Nakuru akawa anauza viazi na kabichi, nami nikahamia kwake mpaka nilipoolewa. Baba alikuwa akitutembelea Jumapili baada ya kanisa. Hakuwahi kuingia ndani. Mama alimtolea kiti nje, wakakaa wakizungumza habari za ng'ombe, yupi amezaa na yupi ameuzwa, kama watu waliowahi kufanya kazi pamoja. Akiondoka, mama alimsindikiza mpaka kona ya barabara, akarudi akaingiza kile kiti ndani.