Chupa Niliyoifungua Kila Asubuhi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuifungua chupa ya sampuli. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifikisha wodini.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima, kijana wa Kilwa Masoko niliyejifunza kwenye simu kutengeneza vitakasa mikono. Nilichanganya spiriti, maji na glisirini ya kulainisha ngozi, nikawauzia mama lishe wa sokoni. Niliogopa sana mtu asije akaugua kwa uzembe wangu, kwa hiyo nilijaza chupa moja ikapimwe maabara, Dar es Salaam. Nilipokuwa nasubiri mtu wa kuipeleka, kila asubuhi niliifungua, nikanusa, nikamimina kidogo kiganjani. Nilitaka kuhakikisha tu.

Majibu yakaja: spiriti haitoshi.

Usingizi ukaniruka. Niliongeza spiriti. Glisirini nikaiacha kabisa, maana ilivuruga kipimo changu cha kioo kinachoelea, cha kupimia nguvu ya spiriti, na mimi nilitaka kisome sawasawa. Kila mchanganyiko niliujaribu mikononi mwangu, nikipaka, nikisugua, nikirudia. Mama alikuwa akicheka. "Saidi, unasugua mikono kama unakwenda kumpasua mtu."

Ngozi ilikauka, ikachanika katikati ya vidole. Nilipopaka tena iliwasha kama pilipili, nami nikafurahi, nikidhani hiyo ndiyo nguvu ya dawa. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikavimba, kikawa chekundu na cha moto, kikatoa usaha. Nilikificha mfukoni. Homa iliponitetemesha, mama aliuvuta mkono wangu nje, akakitazama kidole.

"Twende hospitali," alisema. "Na usiniambie unajua."

Daktari alikipasua kidole akakikamua. Nililia bila aibu.

"Wadudu wamepitia kwenye hizo nyufa," alisema. "Wakifika kwenye mfupa, kidole kinaondoka."

"Nitafanya kazi tena?"

"Kwanza maliza sindano."

Nikiwa kitandani nilimpigia dada wa maabara, nikamwambia vipimo vyao vimeniharibia maisha. Hakukasirika.

"Kaka, ile chupa uliifungua?"

"Kidogo tu, kila asubuhi."

"Kwa joto la huko? Spiriti iliruka hewani. Mimi nilipima kilichobaki, sikupima ulichotengeneza."

Nilijifunika shuka usoni. Mama hakunisema. Alikwenda sokoni, akapata kwa mama lishe mmoja chupa ya mchanganyiko ule ule wa mwanzo, haijaguswa, akaituma. Majibu yalikuja uvimbe ukiwa umeanza kushuka: spiriti inatosha. Nilikuwa nimejiunguza kwa kurekebisha kitu kizima.

Kidole kimepona. Kina kovu, na kinakunjika. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru mama, na dada yule aliyeniuliza swali moja bila kunidharau. Wewe ambaye mikono yako imechanika, usiendelee kupaka spiriti juu ya nyufa. Osha taratibu kwa maji na sabuni, paka mafuta, na ukiona uvimbe nenda hospitali mapema. Usifiche kama mimi.

Wasiwasi haujaisha, sitadanganya. Lakini glisirini nimeirudisha, sampuli naijaza hadi juu na kuifunga siku hiyo hiyo, nyingine ya akiba naiacha kwa mama, na majibu yakija nayaamini.