Mara Saba Kuzunguka Mugumo

Nilipokuwa na miaka tisa, kule Mugutha, nilizunguka mugumo, ule mti mkubwa ambao wazee wetu huuona mtakatifu, mara saba, kisha nikakaa nikingoja kugeuka mvulana.

Kila mtoto wa kwetu alijua: msichana akiuzunguka mti ule mara saba anakuwa mvulana, na mvulana anakuwa msichana. Binamu yangu Wairimu alisema siwezi kuthubutu. Nikathubutu. Nilipomaliza mzunguko wa saba nilikuwa na kizunguzungu tu, lakini Wairimu alikuwa ameshatimua mbio akipiga kelele, "Usinikaribie! Wewe si msichana tena!"

Wiki hiyo sikubanduka kwenye kioo. Nilipapasa kidevu nikitafuta ndevu. Nilikohoa, nikasikiliza kama sauti imekuwa nzito. Jumatano, darasani, mwalimu akasema, "Wavulana, simameni." Moyo wangu ukaanza kunienda mbio. Vidole vikafa ganzi, pumzi ikakataa kushuka. Nilijua nakufa, tena nakufa mvulana, na akina mama wa kanisa hawatajua wanivishe nini.

Nilibebwa mpaka nyumbani. Mama alisema ni njaa. Jirani alisema ni malaria. Cucu, yaani bibi yangu, mzaa mama, alinitazama sana.

"Umefanya nini?"

Nikamwambia yote, nikilia. Hakucheka. Alichukua fimbo yake.

"Twende tukafungue ulichofunga. Tutazunguka kinyume."

"Na wewe ukigeuka, Cucu?"

"Mimi? Nikikuwa mwanaume saa hii nitakaa tu nikiletewa chai. Kuna ubaya gani?"

Tulizunguka polepole, kwa sababu ya goti lake, akiwa amenishika mkono kwa nguvu. Kila hatua chache alisimama: "Vuta pumzi. Haya, itoe." Kwenye mzunguko wa nne alisahau hesabu, tukaanza upya. Nafikiri tulifika kumi na moja. Jamaa mmoja aliyebeba nyasi kwa baiskeli alisimama kumtazama mama mzima wa kanisa akizunguka mti, naye Cucu akamsalimia kana kwamba yuko sokoni. Tulipomaliza nilikuwa nacheka, na moyo umetulia.

Niliamini nimepona. Lakini hali ile ilirudi: kwenye mtihani, kisha nikiwa chuoni Thika, kisha kwenye foleni ya supamaketi, mahali ambapo sikuwa nimezunguka kitu chochote. Kila mara nilijiuliza nimekosea wapi. Nilikuwa mtu mzima daktari aliponiambia kwamba ni ugonjwa wa wasiwasi, si laana wala upungufu wa imani, na kwamba unatibika. Akanieleza sehemu ya matibabu: nirudi mahali ninapopaogopa, polepole, ikiwezekana na mtu kando yangu, huku nikipumua taratibu. Nilicheka mpaka akaweka kalamu chini.

Siku hizi niko nafuu, ingawa si kila siku. Cucu hakuuponya ugonjwa wangu, wala mti haukuwa na kosa. Kwa miaka mingi nilidhani alinipeleka pale kwa sababu hakuamini hadithi zile. Juzi tu, tukikumbuka habari zake, mama alinisimulia kwamba Cucu aliziamini kabisa. Tangu utoto wake hakuwahi kuusogelea mugumo ule. Hata akienda sokoni alipitia njia ndefu ili auepuke.

Mara yake ya kwanza kuukaribia ilikuwa siku ile, na mimi.