Siku Tatu na Nusu Saa

Wengine harufu ya karafuu huwapeleka pwani. Mimi hunirudisha Musoma, darasa la saba, mbele ya Mwalimu Rukia, aliyekuwa akitafuna karafuu mojamoja huku akisahihisha madaftari yetu. Alizaliwa Chake Chake, kisiwani Pemba, na serikali ndiyo iliyomleta kwetu. Kiswahili chake kilituchekesha, chetu kilimchekesha, tukawa ngoma droo.

Mnaoikumbuka miaka ile ya uhaba mtanielewa. Sukari ilikuwa habari ya kusimuliana. Basi la Mwanza kupitia Bunda lililala stendi mpaka dizeli ipatikane, na abiria wakalala nalo, wakikoroga uji kando ya matairi. Shangazi yangu wa mtaa wa Kitaji, niliyekuwa nikiishi kwake, aliwahi kusubiri pale siku tatu na kikapu chake cha dagaa, akarudi nyumbani ananuka kuliko dagaa wenyewe.

Baba alilima pamba kijijini Suguti. Alikuwa amesema wazi kwamba nikianguka hesabu katika mtihani wa majaribio, narudi nyumbani kushika jembe. Hakusema kwa ukali. Mikono ilihitajika shambani. Lakini mimi nilitaka shule kwa roho yangu yote, na usiku nilisali nikitaja hesabu kwa jina.

Swali la mwisho lilihusu ndege itokayo mjini Unguja kwenda Chake Chake. Umbali tulipewa, mwendo tulipewa. Je, itatumia muda gani? Niligawanya vizuri, nikapata nusu saa. Nikaitazama ile nusu saa, nikaona haiwezekani. Nikaandika: siku tatu na nusu saa.

Mwalimu Rukia aliposoma jibu langu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatazama nje. Akaniita, akataka kujua siku tatu nimezitoa wapi.

"Si huwaga inasubiri mafuta kwanza, Mwalimu?"

"Mwanangu," alisema taratibu, "kwenye hesabu mafuta yapo siku zote."

Alama hakunipa, kosa ni kosa. Lakini baba alipokuja mjini kuuliza habari zangu, nikiwa nimejibanza nyuma ya mlango, mwalimu alimwambia kwamba kugawanya najua kuliko darasa zima, ila nimeizoea mno stendi. Baba, ambaye kicheko chake kilikuwa adimu kama sabuni, alicheka.

"Basi abaki huku, Mwalimu," alisema. "Jembe huwaga halikimbii."

Nilibaki, nikafaulu, nikasoma.

Ukubwani kazi ilinipandisha ndege hiyohiyo ya kutoka Unguja. Sikuwa nimeshiba kuitazama bahari, tukatua Chake Chake. Hapo uwanjani ndipo nilipokumbuka kwamba mwalimu wangu alimtaja mama yake karibu kila siku, na kwamba likizo zote alizipitisha Musoma. Kabla ya kuifikia ile ndege alikuwa na basi, treni na meli, kila kimoja na foleni yake ya mafuta. Swali lile hakulitoa kitabuni. Ilikuwa njia ya kwao.

Nilisimama pale nikalia, kwa shukrani kuliko kwa huzuni. Angeihesabu safari ya kwao pamoja na siku za kusubiri, kama nilivyohesabu mimi, asingekaa nasi hata muhula mmoja. Yeye alihesabu nusu saa tu, kana kwamba kwao ni hapo jirani, na kila asubuhi akaja kutufundisha.